Alama Yangu Kwenye Miti ya Mshonandevu

Jumapili, 8 Novemba 1953

Inatangazwa kwa watu wote wa Unyamwezi, kwa Serikali ya Tanganyika, na kwa yeyote atakayeliokota daftari hili, ya kwamba leo baada ya Misa, mbele ya mashahidi wasiopungua sitini, suruali nyeupe ya Mwalimu Anselm ilipasuka makalioni alipoinama kumsalimu Padri. Hakuna aliyejeruhiwa. Mke wa mwenye suruali, Apolinaria, alicheka mpaka akaketi chini. Marehemu amelazwa sandukuni.

Mvua: hakuna.

Daftari hili nimepewa na Bwana Miti wa serikali pamoja na chupa ya kupimia mvua. Alisema, "Andika mvua kila asubuhi, na mengineyo." Nadhani kwa mengineyo hakukusudia suruali. Lakini mtu aliyefundisha hesabu shule ya misheni miaka kumi na tisa, mpaka sauti ikamkauka, akabaki na mizinga ya nyuki ya marehemu baba yake, akipewa karatasi nyeupe hawezi kuiachia mvua peke yake.

9 Novemba

Mvua: hakuna. Suruali: haina matumaini.

12 Novemba

Mvua: hakuna, ila mawingu yamesimama upande wa Ipuli kama watu wanaosubiri kukaribishwa.

Jioni mke wangu Apolinaria, yaani Mama Justus, aliacha kupepeta, akasikiliza, akaniuliza, "Baba Justus, mbona mshonandevu hajaimba mwaka huu?"

Nikasikiliza na mimi. Kweli. Kimya.

Bwana Miti, kama utasoma hapa: mshonandevu ni ndege mdogo, mgongo wa kijani, kichwa cha manjano kama kiini cha yai. Hashuki chini hata umtukane. Kutwa anatembea juu kabisa ya miti, chini ya matawi, kichwa chini miguu juu, anachokonoa wadudu. Jina amelipata kwa nyumba yake. Wenzake wanashona kwa majani. Yeye anashona kwa ndevu za miti tu, zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya mtundu iliyozeeka. Nyumba ikimalizika inafanana na soksi ya babu iliyoanikwa. Nilipokuwa mtoto, nikimfuata baba kwenye njia ya zamani ya misafara, tulikuwa hatumalizi hatua mia bila kumsikia.

Nikamwambia Mama Justus kwamba amechelewa tu, kama wanafunzi wangu wa darasa la pili.

"Wanafunzi wako walikuwa wakichelewa kwa sababu walikuwa na mahali pa kutoka," akasema, akaendelea kupepeta.

17 Novemba

Mvua: hakuna. Nimempata mwenye makosa ya kumfukuza mshonandevu. Ni garimoshi. Linakula kuni usiku na mchana. Miti ya kandokando ya reli imekwisha. Nimeridhika sana na ugunduzi huu.

19 Novemba

Mvua: matone saba (nimehesabu). Huenda pia ni ngedere. Wanakula mayai.

21 Novemba

Mvua: hakuna. Nimeamua si ngedere. Ni wachoma moto wanaowasha pori mwezi wa tisa, majani yakiwa makavu kama baruti. Ndevu za miti zinashika moto upesi kuliko petroli.

Alikuja shemeji yangu Jilala, kaka wa Mama Justus, ambaye ndiye mkubwa wa wapasuaji asali, yaani warinaji, wote wa kijiji chetu. Hajui kusoma, hajabatizwa, na hajawahi kukosea njia porini. Aliniona natazama juu.

"Shemeji, umepoteza nini huko mbinguni?"

"Namtafuta mshonandevu."

"Unamdai?"

"Amepungua, Jilala. Zamani walikuwa wengi."

"Zamani hata nywele zako zilikuwa nyingi. Hatukuandika daftari." Akaketi, akaniomba tumbaku, akaniangalia kwa huruma. "Ndege amehama, shemeji. Kama angekuwa anatoa asali ningekwenda kumbembeleza arudi."

28 Novemba

Mvua: inchi moja na robo!

Imeshuka alfajiri kwa kishindo, bati la jirani limeimba, watoto wametoka uchi, kumbikumbi wamepanda hewani kama moshi, na Mama Justus amesimama uani mikono wazi akilowa kwa makusudi. Mimi nimekimbilia chupa yangu nikateleza, nikaisoma nikiwa nimelala kifudifudi. Naamini ndivyo inavyosomwa vizuri.

Saa nne mvua ilipokatika, tukasikia. Mbali, upande wa Mitundu Mikongwe: ile sauti ndogo ya mlio wa bawaba kavu, kisha mluzi mwembamba, kisha bawaba tena.

Nilikwenda mbio za mtu wa miaka hamsini na moja, yaani kwa kutembea huku nikihema. Mitundu Mikongwe ni kichaka cha miti mikubwa nyuma ya kambi ya zamani ya wapagazi; babu yangu alilala hapo akielekea pwani na pembe begani. Miti ya katikati ina ndevu mpaka usawa wa kichwa changu. Nikalala chini kwenye matope nikatazama. Dume mmoja. Jike mmoja. Nimetembea pande zote mpaka saa tisa. Hakuna mwingine.

Mmoja na mmoja.

6 Desemba, Jumapili

Mvua: robo inchi.

Nimechunguza ujenzi. Dume analeta unywele mmoja wa ndevu. Jike anautazama. Jike anautupa. Dume anakwenda kuleta mwingine. Nimeona mara kumi na nne, na mara tisa kati ya hizo umetupwa. Nikamsimulia Mama Justus.

"Huyo jike ana akili," alisema. "Mimi kuni zako mbichi nilizipokea zote, ndiyo maana jikoni kwangu moshi hauishi."

Nimeona na jambo jingine. Hachukui ndevu kwenye mti wa pembeni. Miti ya pembeni inapigwa jua na upepo, ndevu zake ni fupi na ngumu. Anataka za miti ya katikati, iliyosimama karibu karibu, ambako ukungu wa asubuhi unakaa mpaka saa tatu. Mti mmoja peke yake haumfai hata uwe mzee kama Ibrahimu. Anataka kijiji cha miti.

10 Desemba

Mvua: nusu inchi. Nyumba imefika nusu ya soksi.

14 Desemba

Mvua: haikusomwa. Nilikuwa Tabora, nilimwachia Mama Justus chupa, akaiosha na kuigeuza ikauke vizuri.

Nilipeleka nta kwa Mzee Twalibu, mfanyabiashara wa asali na nta pale Mtendeni. Njia nzima kwa baiskeli, kutoka kwetu hadi Ipuli, nilikuwa nikitafuta ndevu. Vichaka vipo, vijana vijana, vimenyoa. Hakuna hata mti mmoja wenye ndevu za kutosha mshono.

"Shikamoo, Mzee Twalibu."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona umekuja na matope mgongoni? Watu huanguka kwa mbele."

Nikamweleza kwamba nimekuwa nikilala chini kutazama ndege. Hakucheka mbele yangu. Aligeuka ukutani kwanza. Kisha akaniagizia kahawa, akasema, "Baba yangu alikuwa akikaa Isevya, hapa hapa mjini, akisikia fisi mlangoni. Pori lilikuwa pale pale. Sasa nasikia filimbi ya garimoshi na mashine ya cherehani."

"Ndivyo ninavyosema! Garimoshi!"

"Garimoshi halifiki kwenu, Mwalimu." Akakoroga kahawa. "Niambie mimi nisiyejua pori. Hiyo mizinga yenu ya gome, mti mnaubandua gome zima, kuzunguka?"

"Kuzunguka."

"Halafu mti?"

"Unakauka."

"Mnachagua mti gani?"

"Mkubwa. Mnyoofu. Mtundu mzee ndio wenye gome zuri."

"Na wewe umebandua mingapi?"

Nikamwambia kahawa yake ni nzuri sana leo.

16 Desemba

Mvua: robo tatu.

Sikulala vizuri. Tuseme ni kahawa.

Nyumba ya mshonandevu imekamilika, iko kwenye mtundu wa nne ukitokea kisimani. Lakini leo nimemwona Jilala akipita Mitundu Mikongwe, akiigonga miti kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti. Mwezi wa kwanza utomvu ukipanda, gome litakuwa linatoka kama shati. Ni wakati wa kutengeneza mizinga.

Basi nimetumia akili. Sheria yetu wapasuaji asali ni moja na haijawahi kuvunjwa: mti uliochanjwa alama ya mtu haubanduliwi na mtu mwingine. Alama ya ukoo wetu ni mikato miwili na kitundu. Nimechukua shoka dogo, nimechanja alama yangu kwenye miti yote kumi na mmoja ya katikati. Imekwisha. Hakuna wa kuigusa, na mimi sitaibandua kamwe. Sikuhitaji kumwomba mtu wala kumweleza mtu.

Nimemwambia Mama Justus peke yake.

"Waambie na wenzako," alisema.

"Watanicheka. Mpasuaji asali mzima namwekea ndege miti?"

"Wanakucheka sasa hivi, Baba Justus. Utazidi kupungukiwa nini?"

25 Desemba

Mvua: inchi moja. Noeli njema. Nimekula kupita kiasi. Jike anaingia ndani ya soksi na kutoka, bado anakagua.

9 Januari 1954

Mvua: nusu. Jike ameingia ndani ya soksi na hatoki. Dume anamletea viwavi. Mimi nimemletea Mama Justus mahindi mabichi mawili, nikaimba. Amepokea mahindi.

18 Januari

Mvua: inchi na nusu. Kichwa kinauma, mifupa inauma, hata kofia inauma.

19 Januari

Homa.

24 Januari, Jumapili

Mvua: sijui. Mama Justus ananiambia "imenyesha sana". Namwomba aseme inchi. Anasema, "Inchi nyingi." Pia amesema amesikia sauti ndogo ndogo kutoka ndani ya soksi. Wameanguliwa!

28 Januari

Homa haijaniacha lakini lazima niandike.

Asubuhi nilikuwa nimelala kitandani chini ya mablanketi mawili. Nikasikia wimbo. Wanaume wengi, kwa mbali, wimbo wa wapasuaji asali unaoimbwa kwa kupokezana. Mmoja anatukana nyuki na wengine wanaomba radhi. Ni wimbo mzuri, nimeuimba tangu ujana. Nikatabasamu. Nikafikiri, wanambandulia nani leo?

Kisha nikafikiri: wako upande gani?

Nikaketi. Blanketi likaanguka. Walikuwa upande wa Mitundu Mikongwe.

Mama Justus alikuwa mlangoni, amesimama kama mti, na yeye anasikiliza. Alitupa ungo, akaondoka. Mimi nilisimama, nikapiga hatua nne, nikajikuta nimekumbatia mtungi wa maji. Sikuweza kuendelea. Nikabaki hapo na mtungi, nasikiliza.

Wimbo uliendelea kama robo saa. Halafu ukakatika katikati ya ubeti. Si kwamba uliisha, ulikatwa. Zikafuata kelele.

Baada ya muda wakaja wote, kiasi cha wanaume ishirini, matope mpaka magotini, Jilala mbele amevimba kwa hasira. Mama Justus nyuma yao, kanga imelowa, uso mkavu.

"Shemeji!" Jilala alianza. "Tulitaka kukufurahisha. Wewe mgonjwa, utomvu uko juu, wiki mbili zaidi gome litagoma. Tukasema, Mwalimu amechanja alama miti kumi na mmoja, mwaka huu ana hamu ya mizinga, maskini, na homa imemkamata. Twendeni tumbandulie. Hakuna hata mmoja aliyekataa! Hata wale uliowachapa shuleni!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu enzi za babu zetu mtu akichanja mti anasema jambo moja tu: huu nitaubandua. Na mwenzetu akiugua, kazi yake tunaimaliza sisi, bila kuulizwa, kwa nyimbo. Nimefanya hivyo mwenyewe kwa watu wengine mara nyingi. Nilichanja tangazo kwenye miti kumi na mmoja, na majirani zangu wakalisoma vizuri kabisa.

"Mmebandua mingapi?" niliuliza.

"Saba. Mizinga kumi na minne mizuri. Nikauinulia shoka mti wa nane..."

"Upi? Wa nne kutoka kisimani?"

"Huo. Ndipo huyu dada yangu akatokea kama kichaa. Unajua mwenyewe mwanamke hafiki kwenye magome. Akafika. Tukampigia kelele arudi. Akainua kanga, akayaruka magome yote kumi na manne, moja baada ya jingine, akihesabu kwa sauti! Moja! Mbili! Nyuki gani ataingia mzinga uliorukwa na mwanamke? Kazi ya watu ishirini imeharibika!"

Wote walikuwa wananitazama. Machozi yalinitoka. Walifikiri nalilia mizinga, wakazidi kunihurumia.

"Ulimtuma wewe?" Jilala aliniuliza.

Nilikuwa na homa kali. Sikumbuki nilijibu nini.

29 Januari

Mvua: robo inchi. Mama Justus amenipikia uji. Hajaniita Baba Justus leo. Ameniita "wewe".

31 Januari, Jumapili

Mvua: hakuna. Nimetembea mpaka Mitundu Mikongwe kwa fimbo. Miti saba imesimama uchi, myeupe, inavuja. Ndevu bado ziko juu yake. Haijajua kwamba imekufa. Kwenye mti wa nne ukitokea kisimani dume na jike wanapishana midomo imejaa. Wamebakiwa na miti minne ya katikati.

Wapasuaji asali wamemshtaki Mama Justus kwa Mwanangwa Selemani, mkuu wa kijiji chetu. Wanataka faini ya mbuzi, na wanataka miti minne iliyobaki ibanduliwe kufidia mizinga iliyoharibika. Baraza ni Jumamosi. Watoto wa mshonandevu hawataweza kuruka kabla ya hapo.

3 Februari

Mvua: inchi moja. Nimeandaa hotuba. Nimeanza na garimoshi.

6 Februari, Jumamosi

Mvua: nusu.

Baraza limekwisha na tumeshinda! Nilisimama mbele ya Mwanangwa Selemani na watu wote, nikaongea kwa sauti ya zamani, ile ya darasani. Nikaeleza habari za mshonandevu, ndevu, ukungu na miti ya katikati. Watu walinyamaza kimya, wengine wakafuta machozi. Miti minne imeachwa. Mbuzi hatatolewa. Nimefurahi sana nashindwa kuandika zaidi.

12 Februari

Mvua: hakuna. Leo nimeona kwa macho yangu watoto wa mshonandevu wakitoka ndani ya soksi na kuruka kwa mara ya kwanza.

14 Februari, Jumapili

Mvua: robo inchi.

Mama Justus anajua kusoma. Sijui kwa nini nilisahau, nilimfundisha mwenyewe. Jana alilikuta daftari hili mezani, akasoma kuanzia suruali. Alicheka sana mpaka Januari. Kisha akalifunga, akaniletea kalamu, akasema, "Baba Justus, hili anapewa mtu wa serikali. Andika lililokuwa."

Basi, lililokuwa ni hili.

Tarehe 28 nilikumbuka vizuri sana nilichojibu. Jilala aliponiuliza kama nilimtuma mke wangu, nilisema, "Sijui anachofanya." Watu ishirini walisikia. Na yeye alisikia, amesimama nyuma yao, kanga inachuruzika. Niliogopa kuchekwa. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta.

Kwenye baraza sikuhutubia. Hotuba ilikuwa mfukoni na ilibaki mfukoni. Mwanangwa Selemani alimwita Mama Justus kwanza, akamwuliza kwa nini aliyaruka magome. Akajibu, "Niliyaruka makusudi, Mwanangwa, na ningeyaruka tena. Sababu anayo mtu mwingine." Akanigeukia. "Utasema, au niseme mimi?"

Nilisimama. Sauti ilitoka kama ya mbuzi mwenyewe wa faini. Nilisema, "Alama zile nilichanja ili miti isibanduliwe. Kwa ajili ya ndege. Yeye alijua, akafanya nilichopaswa kufanya, nami nikamkana." Nikaketi. Ndiyo hotuba nzima.

Hakuna aliyefuta machozi. Walicheka. Walicheka mpaka Mwanangwa akashika nguzo. Jilala alicheka kuliko wote, akajipiga mapaja, akasema, "Alichanja alama ya kubandua ili tusibandue! Na huyu ndiye aliyetufundishia watoto!" Na mimi, ambaye tangu Desemba niliogopa kicheko hicho kama simba, niligundua kwamba hakiumi. Nikacheka nami.

Aliyetushindia kesi ni Jilala. Alipomaliza kucheka aliinama akaokota vijiti, akauliza, "Shemeji, ndege huyu anataka mitundu mizee tu?"

"Yenye ndevu. Iliyosimama pamoja."

Akaweka kijiti chini. "Huu ulikuwa pale kisimani. Nilibandua mwaka wa nzige." Akaweka kingine. "Huu kambi ya wapagazi, upande wa mawio. Ulikuwa na ndevu mpaka kifuani. Huu pacha wake." Akaendelea. Jilala anakumbuka kila mti aliowahi kuubandua maishani mwake, mahali ulipokuwa na gome lake lilivyotoka. Akamaliza yake, akaanza yangu, kwa maana tulikwenda pamoja siku zote: "Huu wa shemeji. Huu wa shemeji. Huu wa shemeji." Wazee wengine wakasogea, wakaongeza vyao. Wakati jua linapita juu ya paa, vijiti vilikuwa vimefika miguuni pa Mwanangwa na hakuna aliyekuwa anacheka. Njia yote ya misafara ilikuwa imelala pale chini, na kila kijiti kilikuwa mti wa katikati.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimelaumu garimoshi, ngedere na moto. Mizinga yangu sikuihesabu hata siku moja.

Jilala ndiye aliyesema, "Mwanangwa, miti hii minne ibaki. Na michanga inayoizunguka ibaki, izeeke, iote ndevu. Tutaning'iniza mizinga humo, lakini gome hatutoi. Mizinga tutachonga kwenye magogo ya mininga iliyoanguka. Ni kazi ngumu, lakini shemeji amepumzika vya kutosha." Mwanangwa Selemani akakubali. Faini ikabadilishwa ikawa pombe ya asali, ipikwe na Mama Justus, na kuni na maji nibebe mimi. Tuliinywa jana. Mizinga ile kumi na minne imetundikwa kwa majaribio, na mmoja umeshaingia nyuki, jambo ambalo wazee wamekubaliana kutolizungumza.

Na tarehe 12 sikuona kitu. Nilikwenda kulinda tangu alfajiri, nikalala usingizi mdomo wazi. Jilala ndiye aliyekuwa macho. Kumbe amekuwa akija kila asubuhi tangu siku ya baraza, bila kuniambia. Aliniamsha kwa mguu. "Shemeji! Wametoka wawili, wewe unakoroma! Mmoja ameangukia tawi la chini, mama yake anamgombeza!"

Nikalala chali pembeni yake, tukatazama juu, watu wazima wawili kwenye majani mabichi. Mtoto yule wa tawi la chini alirukaruka, akapapatika, akafika kwa baba yake akiwa kichwa chini, akashika hivyo hivyo kama vile alikusudia.

"Amekosea," nilisema.

"Hajakosea. Ndivyo wanavyokaa. Wewe si ndiye uliyeniambia?"

Bwana Miti, hesabu yangu ya washonandevu wa Mitundu Mikongwe kwa masika haya ni wanne. Nimehesabu mara tatu, na mara zote tatu Jilala alikuwa akihesabu kwa sauti sikioni mwangu, akihofia nisije nikamwacha mmoja.